Mzinga Usio na Malkia

Somo: Hesabu 27:12–23



Maua yanapochanua kwa wingi, mzinga hujaa nyuki hadi nafasi ikakosekana. Ndipo kundi hugawanyika na sehemu kubwa huhama. Wengi hudhani kwamba malkia mchanga ndiye hutolewa akajitafutie kwake. La hasha, anayeondoka ni mama mzee. Wakati huo nyuki vibarua wamekwisha kujenga vyumba vya malkia kwenye masega, na mabinti wanalelewa humo. Mama huwaachia nyumba, asali na majana, naye akaenda kuning'inia tawini na wenzake mpaka wapelelezi wapate makao mapya. Mwenye uzoefu hubeba hatari, mchanga huachiwa akiba.

Katika somo letu Mungu anamwita Musa apande mlima, aione nchi asiyoingia. Musa haombi kuongezewa miaka. Anaomba apatikane mtu wa kulitangulia kusanyiko. Ndipo Yoshua anasimamishwa mbele ya kuhani Eleazari na watu wote, na Musa anamwekea mikono angali hai, akimpa sehemu ya heshima yake mwenyewe.

Sasa tuutazame mzinga ambao malkia amekufa ghafla, pengine kapondwa wakati wa kurina asali. Harufu yake ndiyo iliyokuwa ikiwajulisha nyuki kwamba yupo. Ikikatika, saa chache tu mzinga mzima huhangaika na mvumo wake hubadilika. Tumaini lipo, ila lina sharti: pawepo mayai, au majana yasiyozidi siku 3 hivi tangu yaanguliwe. Vibarua huchagua machache, huyapanulia vyumba na kuyalisha maziwa ya nyuki. Mnamo siku ya 16 tangu yai litagwe, malkia hutoka. Jana lililokwisha kulelewa kuwa kibarua haligeuki tena.

Yasipokuwepo majana machanga, baada ya wiki kadhaa baadhi ya vibarua huanza kutaga wenyewe. Mfugaji mgeni hufungua mzinga akafurahi kuona mayai, hata mawili matatu katika kijumba kimoja. Lakini mayai hayo hayakurutubishwa; hutoa madume tu, na dume hachumi chavua wala hajengi sega. Vibarua huzeeka na kufa, wa kushika zamu zao hawapo. Pilikapilika zipo, kesho haipo.

Ndugu zangu, Kristo ndiye Kichwa cha Kanisa, naye hafi. Sisi watumishi wake ndio tunaopita. Usharika unaweza kuwa na ratiba iliyojaa, vikao na harambee kila juma, na bado asipatikane kijana hata mmoja awezaye kuendesha ibada, kwa kuwa zamu ni ya mzee yule yule. Mtunza hazina hajamwonyesha mtu daftari. Mwalimu wa kwaya akiugua, kwaya hunyamaza. Kisha tunamlaumu mtu wa miaka 40 kwa kutojua jambo ambalo hatukumfundisha akiwa na 15.

Mfugaji mwenye busara hauachi mzinga usio na malkia ufe. Hutoa sega lenye mayai na majana machanga katika mzinga wenye nguvu, akaliweka katika ule uliofiwa. Ikiwa vibarua wamekwisha kuanza kutaga, hurudia juma baada ya juma, hadi wakubali kulea malkia. Mzinga uliotoa hupungukiwa kidogo, uliopewa hupata kuishi. Basi mtaa wenye wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili wa kutosha uutazame mtaa wa jirani. Na tukitoa watu, tusitoe wale tuliowachoka. Tutoe wale ambao tungetamani wabaki.

Juma hili kila mwenye wadhifa amtafute mtu mmoja aliye mdogo kwake, amketishe kando yake na kumkabidhi kazi ya kweli, ile yenye heshima mbele ya watu. Akikosea, amrekebishe kwa upole, kisha amwachie aifanye tena.

Tuombe: Ee Bwana, uliyempa Musa moyo wa kumwekea Yoshua mikono, utuondolee hofu ya kupitwa na watoto wetu. Utufundishe kuwalea wangali wachanga, na kuwapisha tungali na nguvu za kuwaombea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.