Patasi ya Kuazima

Kila patasi inaponolewa hupungua. Jiwe haliongezi kitu juu ya chuma. Linakisaga mpaka pande mbili, ule wa mshazari na ule wa mgongo, zikutane kwenye ukingo mwembamba kabisa. Kwa hiyo patasi iliyotumika na kutunzwa miaka mingi huwa fupi kuliko iliyosahauliwa sandukuni. Methali husema kinolewacho hupata. Haisemi kuwa pia hupungua. Je, kunoa ni kutunza au kumaliza? Swali hili huwa zito zaidi chombo kikiwa cha mtu mwingine, na katika karakana za vijijini kama zile za Mashewa, wilayani Korogwe, seremala asiye na kila kifaa hana budi kuazima kwa mwenzake.

Kwanza kazi yenyewe. Mshazari wa patasi kwa kawaida husagwa kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, kisha ncha humaliziwa kwa nyuzi 30, kwa sababu makali membamba hukata kwa wepesi lakini hubomoka mapema. Husuguliwa kwenye jiwe lenye maji au mafuta mpaka kidole kiguse unyuzi wa chuma uliojikunja upande wa mgongo. Pasipo unyuzi huo, kunoa hakujafika mwisho. Hapo mgongo hulazwa bapa juu ya jiwe na unyuzi huondolewa. Grenda huharakisha kazi, ila ina hatari yake. Chuma cha kaboni kikipata joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi hugeuka buluu, na ugumu wake unakuwa umepungua. Kukichovya kwenye maji husaidia kabla ya rangi hiyo kutokea. Baada yake maji hayarudishi chochote, na sehemu yote iliyoungua haina budi kusagwa na kutupwa.

Mbao nazo zina sehemu yake katika hasara hii. Mvule huweza kuficha ndani yake vijiwe vya chokaa, na kimoja tu kinatosha kung'oa pengo kwenye makali. Mtiki, kama unaopandwa Longuza wilayani Muheza, una madini ya silika yanayoyala makali polepole.

Hasara hiyo ikiipata patasi ya kuazima, nani aibebe? Fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Tanga na wa pwani kwa jumla, ina mlango mzima wa kuazima, yaani ariya. Kanuni yake ni kali: aliyeazima hudhamini kitu kikiharibika mkononi mwake, hata kama hakuzembea. Lakini Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliweka mpaka katika kitabu chake cha fiqhi hiyo, Minhaj at-Talibin: kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hadhamini kile kinachoisha au kusagika kwa matumizi aliyoruhusiwa. Mpaka huo ukipelekwa kwenye benchi la seremala, mengi hunyooka. Chuma kilichobaki kwenye jiwe la kunolea hakina deni, kwani anayeruhusu kukata ameruhusu na kunoa. Pengo lililotokana na kijiwe cha mvule halina deni pia, ikiwa mwenye patasi alijua inakwenda kuchonga mvule. Patasi iliyoharibika kwa kufungulia kopo la rangi ni habari nyingine: hiyo ina deni. Iliyounguzwa kwenye grenda inaelekea upande huohuo: mwenyewe aliruhusu inolewe, hakuruhusu ichomwe.

Aristotle, katika kitabu chake juu ya nafsi, alifikia jirani na hapo kwa njia yake. Kama shoka lingekuwa kiumbe hai, alisema, ushoka wake ndio ungekuwa nafsi yake, na ukiondoka lingebaki shoka kwa jina tu. Urefu na uzito wa chuma, basi, sivyo vinavyoifanya patasi kuwa patasi. Hata hivyo butu si maiti: kilichofifia kwa matumizi hurudi kwa dakika chache za jiwe. Anayerudisha patasi nzima lakini butu amerudisha pungufu, ingawa rula haitamshtaki.

Wajibu wa kunoa una msingi wake pia. Hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aus, iliyomo katika Sahih Muslim, inaamuru ihsani, yaani kutenda vyema, katika kila jambo na kumtaka mchinjaji anoe kisu chake. Huko sababu ni kumpunguzia mnyama maumivu, na ubao hauumii. Mtu anaweza kudai hadithi haimhusu seremala. Dai hilo ni dhaifu, kwani amri inaanza na kila jambo kabla ya kufika kwenye kisu. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, kinaongeza hesabu ya jasho: chuma butu kisiponolewa hudai nguvu zaidi. Nguvu hiyo ndiyo huifanya patasi iteleze na kuingia kiganjani.

Kuna upande wa pili, nao ni israfu. Visu vya randa vya zamani vingi viliungwa chuma kigumu sehemu ya mbele tu. Kikiisha hicho, kinachobaki ni chuma laini kisichoshika makali. Kusaga zaidi ya kinachohitajika, kwa sababu tu mng'ao unapendeza, ni kuteketeza mali, na kwa chombo cha kuazima ni mali ya mwingine. Aliyeazima patasi kali airudishe kali, na kama imeungua, aseme kabla mwenyewe hajagundua, kisha alipe.