Kutazama si Kupeleleza

Suratul Hujurat yatukataza kupelelezana. Basi mtaalamu wa elimunafsi akaaye kutazama tabia za watu, je, afanya dhambi?

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, hadi Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, wametazamwa na wataalamu wengi. Mmoja wao, Frank Marlowe, aliwatazama kambini mwao, na mwaka 1999 akaandika kwamba baba huwashughulikia watoto wake wa damu zaidi ya wale wa kambo.

Mtazamaji mwadilifu huomba ruhusa, hupanga saa zake mapema, na huandika yote aliyoyaona, mema na mabaya. Wala hahukumu sababu kwa macho tu. Mpelelezi hungojea aibu peke yake. Nasi tumwonaye jirani kakasirika siku moja, tukamwita mkali, twamfuata yupi?