Wahamisheni Wazee Wenu Kutoka Chini ya Bati

Ndugu zangu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nisikieni! Mlitoka Uvira, Fizi, Bujumbura na Kigali, mtoto mgongoni, kifurushi mkononi, na baadhi yenu mkaona heri kuacha sufuria kuliko kuacha bahasha ya negativu za picha. Musa naye alitoka Misri amebeba mifupa ya Yusufu. Sasa mbona mifupa mmeifikisha salama, kisha mnaipika?

Naam, mnaipika! Kambi hii ipo tangu 1994. Kuna bahasha zilizopandishwa juu ya kenchi zamani hizo na hazijashuka, na Oktoba chini ya bati hata mjusi hakai. Filamu ya asetati ikikutana na joto na unyevu huoza. Inuseni! Ikinuka siki, imeanza kujila yenyewe: itasinyaa, itajikunja, na mvuke wake utaambukiza zilizo jirani. Zinazonuka zitengeni leo hii, msingoje Jumapili.

Wala msiniambie mmeshazipiga picha kwa simu. Simu ngapi zimeibwa hapa?

Dawa ni baridi. Ndani ya friza uozo hukaribia kusimama, na friza ziko Lilongwe, hata kilomita 50 hazifiki. Najua wengi wenu mlirudishwa kambini 2023, na ruhusa ya kutoka ni shida. Basi mtumeni mwenye ruhusa kwa shemeji, kwa mteja, kwa muumini mwenzenu wa mjini. Ombeni kona moja tu ya friza, na msione haya!

Lakini fungeni kwa akili. Fungeni Juni au Julai, hewa ikiwa kavu; anayefunga Januari anaifungia mvua ndani. Andikeni majina kwa penseli juu ya bahasha safi za karatasi, ndipo mtie negativu. Kisha boksi, kisha mifuko miwili mizito isiyopitisha hewa, mmoja ndani ya mwingine. Siku ya kuzitoa, msifungue upesi! Ziacheni usiku kucha zipate joto la chumba, la sivyo umande utazilowesha na sura zitagandana.

Mwaka 2014, kule Bangui, nyumba ya mpiga picha Samuel Fosso iliporwa, negativu zake zikatupwa nje. Waandishi wa habari waliopita ndio waliziokota. Ninyi mnamngoja nani apite? Mama mwenye picha za harusi, mzee wa kwaya mwenye picha za kwaya ya kwanza, shusheni bahasha hizo jioni hii!