Ila ya Sarafu na Amana ya Mwenye Kuijua

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Yaulizwa: mtu akiona kwa mjane sarafu kuukuu ya kigeni yenye ila ya kupigwa kwake, naye ajua ya kuwa ila hiyo ndiyo iipandishayo thamani, na mjane hajui, je, yafaa ainunue kwa bei ya shaba na kunyamaza?

Swali hili si la mbali kwa watu wa Gongoni. Katika mwaka 1916, njia ya bahari ilipokuwa imezibwa kwa vita, Wadachi walipiga sarafu Tabora katika karakana ya reli: hela 5 na hela 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu zenye sura ya tembo. Zote zikatiwa herufi T, alama ya Tabora. Kazi ilikuwa ya haraka, na vyombo vilikuwa haba. Basi katika hela 20 moja taji ni kubwa na katika nyingine ni dogo, na herufi hazilingani. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini. Rupia nayo ikaondolewa baadaye, wala hainunui kitu sokoni. Lakini neno hela limebaki vinywani, na sarafu zenyewe zimebaki masandukuni. Leo wako wazitafutao, na kwao tofauti ndogo ya muhuri huzidisha bei.

Jua ya kuwa kuzidisha huko si haramu, kwa kuwa kitu huthaminiwa kwa haja ya watu. Lakini yako mambo mawili ya kuchunga. La kwanza, rupia 15 ni robo tatu dhahabu, na robo ni madini mengine. Haiuzwi kwa dhahabu, kwani dhahabu kwa dhahabu yataka usawa wa mizani, na hapa usawa haujulikani. Na iuzwe kwa shilingi, mkono kwa mkono. Kisha mwenyewe anunue bangili aitakayo. La pili, ila ya muhuri si ila ya tupa. Mwenye kuikwaruza sarafu nzima ili ionekane adimu ameghushi, na hukumu yake ni ya yule aliyeficha nafaka mbichi chini ya kavu, Mtume, rehema na amani zimfikie, akaingiza mkono katika chungu na kumkemea.

Turudi kwa mjane. Akiuliza, "Hii ni nini?" na mnunuzi akajibu, "Ni shaba tu," huo ni uwongo, nao ni haramu pasipo shaka. Shida ni pale asipouliza. Imam Nawawi ametaja ya kuwa kupunjika peke yake hakumpi mtu hiari ya kuvunja mauzo, kama aliyenunua kioo akidhani ni johari. Basi kadhi hatamrudishia mjane sarafu yake. Wako wasomao hapa wakafunga kitabu.

Lakini si kila asilolivunja kadhi ni jema mbele ya Mungu. Jarir bin Abdillahi alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwambia mwenyewe ya kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akaipandisha mpaka 800. Alipoulizwa, akajibu ya kuwa alimbai Mtume juu ya kumnasihi kila Mwislamu. Aliyepandisha bei ni mnunuzi, na fedha ilitoka mfukoni mwake.

Akisema msemaji: "Elimu hii nimeipata kwa taabu, je, nisipate faida?" Jawabu: faida ni haki yake. Hakulazimishwa kutoa bei yote ya mwisho, kwani yeye ndiye ajuaye pa kuiuza, naye hubeba gharama na hatari. Lakini amwambie mjane, "Hii si shaba tupu, wako waitakao kwa sababu ya taji hili," kisha wapatane. Faida ipatikanayo baada ya neno hilo ni halali na tamu. Ipatikanayo kwa kulificha, hata kama kadhi ameiacha, itaulizwa siku ambayo mjane atakuwa amekwisha kujua.

Wallahu aalam.