Akiba ni ya Nani?

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini asimamaye Feri, ukingoni mwa bandari ya Dar es Salaam, samaki wakinadiwa alfajiri, huuona msemo huo ukitiwa mtihanini. Changu wa jana asiyelazwa kwenye barafu hana mnunuzi. Pale akiba huoza. Na barafu inayoizuia isioze haigandi bila umeme.

Umeme nao una mjadala wake wa akiba. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mitambo yake tisa, yenye megawati 2,115, ikakamilika mwaka 2025. Wapo walioona heri nguvu zingaliwekwa kwenye jua na upepo, pamoja na betri kubwa za kuhifadhi umeme wa mchana utumike usiku. Kila upande una hoja. Betri huhifadhi umeme wa saa chache. Bwawa huyavusha maji ya masika hadi kiangazi. Lakini bwawa huitegemea mvua: ukame uliofikia kilele mwaka 2006 uliitia Tanzania katika mgao mkali wa umeme.

Hata hivyo, swali la maadili halimo katika ukubwa wa ghala, bali katika haki ya kilichomo. Maji ya Rufiji yalikuwa na wenyewe kabla hayajawa umeme. Mafuriko yaliteremsha rutuba mashambani, na maji matamu yakailisha mikoko ya delta wanamokulia kamba. Kamba hao huletwa Feri, wakalazwa juu ya barafu. Basi mlaji wa mjini anadaiwa mara mbili: kwa barafu na kwa kitoweo. Betri nayo haina mikono mitupu, kwani madini yake huchimbwa katika ardhi ya watu.

Kwa Mzanzibari hili si fumbo. Umeme utokao bara ulipokatika mwaka 2008, Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima. Ukakatika tena Desemba 2009, kwa miezi mitatu. Mwenye jenereta alikuwa na akiba. Asiye nayo alingoja.

Akiba, basi, ni amana. Mlinzi wa ghala, liwe la maji au la betri, hana budi aulizwe mambo mawili: ni nani aliyepunguziwa fungu lake ili ghala lijae, na ni nani atakayefunguliwa mwanzo siku ya dhiki? Akikosa jibu, akiba yake imekwisha oza, ijapokuwa bado hainuki.