Baba Akilea, Je, Anasaidia?



Mama aliyeajiriwa huamka alfajiri, akampikia mtoto uji, akamwacha kwa yaya na kukimbilia matatu. Jioni kazi ya pili humngoja: mtoto analia, nepi hazijafuliwa, sufuria ni tupu. Baba akimbeba mtoto kidogo, husema, "Leo nimemsaidia mama."

Je, huo ni msaada? Alipaye deni lake hasemi amemsaidia mwenye duka. Siku ya ndoa yenu mliulizwa nyote wawili kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo na kuwalea. Mlijibu wote. Mwaka 1981, katika Familiaris Consortio, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba malezi ni wajibu ambao baba hushirikiana na mkewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na baba majuma mawili. Likizo huisha; ubaba hauishi.

Baba, usingoje kuombwa. Kumwogesha mwanao hakukupunguzii heshima. Mama, naye akifunga nepi kombo, usimcheke. Kidole kimoja hakivunji chawa.