Kamera ya Mwaka 2009

Kamera yangu ni Panasonic Lumix GF1, iliyotoka mwaka 2009, katika ule ukoo wa kamera zilizoacha kioo cha ndani ili umbo lake lipungue unene. Na ijapokuwa pikseli zake ni milioni 12 tu, wala haina kitundu cha kuchungulia, kila nitokapo nyumbani huitia mkobani kabla ya miwani, maana lenzi yake ya milimita 20, yenye uzito wa gramu 100, hainielemei hata kidogo.

Jana asubuhi muuza kahawa, mzee aliyekwisha kuizoea kamera hii, aliinamisha dele lake barazani, mvuke ukapanda ukakutana na mwali wa jua uliopenya baina ya nyumba mbili, nami, kwa kuwa lenzi hii hufunguka hata f/1.7, sikuhitaji kumulika taa wala kumwomba asimame: nilibonya mara moja, naye akaendelea kumimina. Kwangu mimi raha yote ya kamera hii imo humo, kwani mbele ya kamera kubwa watu aghalabu hunyoosha kofia na kukaza nyuso.

Kiza kikiingia, picha hujaa chembechembe. Basi usiku hupiga za rangi nyeusi na nyeupe, na chembe zile zikawa pambo.

Rangi ya kamera yenyewe imekwisha kuchubuka pale kinapokaa kidole gumba, na kwa alama hiyo mkono wangu huitambua gizani.